Bei ya Zamu ya Mbele

Tendo la mwanadamu lina nyuso mbili. Uso mmoja hutazama nyuma, kwenye sababu zilizomfanya mtendaji atende. Uso wa pili hutazama mbele, kwenye yale yatakayozaliwa na tendo lenyewe. Mtendaji hutenda akiwa ameuona uso wa kwanza tu. Mahakimu wake huja baadaye, na aghalabu huutazama uso wa pili peke yake. Mkulima aliyepanda kwa wakati wake, mvua ikakosa kunyesha, huitwa mzembe. Na mkulima aliyepanda ovyo, mvua ikamwangukia, huitwa bingwa. Kwa hiyo swali la kale lingali hai: je, busara ya uamuzi hupimwa kwa matokeo yake, au hupimwa kwa ujuzi na fikira zilizokuwapo siku ulipofanywa?

Swali hili huulizwa katika vita, katika ndoa na katika biashara, lakini huko hujibiwa kwa kubahatisha, maana siri za waamuzi hufichwa na hesabu zao hazionekani. Yapo mambo machache ambayo bei ya uamuzi huandikwa wazi siku ile ile ulipofanywa, na matokeo yake yakaonwa na umma mzima mwaka hata mwaka. Mojawapo ni desturi ya timu za kandanda ya Kimarekani ya kununua zamu ya mbele ili kumpata kijana wa kuuongoza mchezo. Mtu asiyeupenda mchezo huo, au asiyepata kuuona, hana hasara kuufuata mfano huu. Kwani kinachopimwa ndani yake si mpira, bali ni akili ya mwanadamu inaponunua jambo lisilojulikana.

Ligi ya Taifa ya mchezo huo, ijulikanayo kwa herufi NFL, ina timu 32. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili, timu hizo huteua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Uteuzi huo ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1936, baada ya Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia, kuwashauri wenzake mwaka 1935 kwamba wanyonge wapewe njia ya kujiinua. Shauri lake lilikuwa jepesi na la haki: timu iliyoshika mkia ichague kwanza, na bingwa achague mwisho. Siku hizi uteuzi una duru saba, na katika kila duru kila timu hupangiwa zamu yake. Zamu hiyo ni mali. Huweza kutumiwa, huweza kubadilishwa kwa zamu nyingine, na hata zamu za miaka ambayo haijafika huweza kutolewa kuwa malipo.

Miongoni mwa wachezaji wote, mmoja hutafutwa kupita wenziwe. Huyo ni kwotabeki. Timu inaposhambulia, mpira huanzia kwake. Yeye husoma mpango wa adui kwa nukta chache, akaamua ama autupe mbali, ama amkabidhi mwenzake, ama akimbie nao mwenyewe, huku watu wazito wakimwendea mbio kumwangusha. Timu yenye kwotabeki hodari huweza kuishi na udhaifu mwingi. Timu isiyo naye hufanana na jahazi lililosheheni mali lakini halina nahodha. Kwa sababu hiyo timu iliyo katika zamu ya sita au ya kumi, ikimwona kijana inayemtaka, nayo ikachelea kuwa atachukuliwa na waliotangulia, huwaendea walio mbele na kuwaomba nafasi yao, na badala yake huwapa nafasi yake pamoja na nyongeza.

Nyongeza hiyo haipimwi kwa macho. Mapema katika miaka ya 1990 timu ya Dallas, chini ya kocha Jimmy Johnson, ilitumia jedwali lililoipa kila zamu thamani ya pointi: zamu ya kwanza pointi 3,000, ya pili 2,600, ya sita 1,600, na ikishuka hadi ya 32 hubaki pointi 590. Jedwali hilo likaenea, likawa mizani ya soko zima. Wakati nao ulitiwa bei. Kwa mazoea ya soko hilo, zamu ya duru ya kwanza ya mwakani huhesabiwa karibu sawa na zamu ya duru ya pili ya mwaka huu. Kesho huuzwa rahisi kwa sababu mwenye kuiuza ana njaa ya leo.

Mwaka 2012 timu ya Washington ilikuwa na zamu ya sita. Kijana iliyemtaka alikuwa Robert Griffin wa Chuo Kikuu cha Baylor, mwenye umri wa miaka 22, mshindi wa tuzo ya Heisman ya mwaka 2011, mwenye mkono wa nguvu na mbio za ajabu. Ili ipate zamu ya pili, Washington iliwapa St. Louis zamu yake ya sita, zamu yake ya duru ya pili ya mwaka ule, na zamu zake za duru ya kwanza za mwaka 2013 na 2014. Kwa kijana mmoja ilitoa nafasi za vijana wanne.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa furaha. Washington ilishinda michezo 10 kati ya 16 ikaongoza kundi lake, na Griffin akatajwa kuwa mshambuliaji bora miongoni mwa wachezaji wachanga wa mwaka. Kama hukumu ingalitolewa siku hizo, biashara ile ingaliitwa ya busara. Lakini mwezi wa Desemba 2012 goti lake liliumia, na tarehe 6 Januari 2013, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Seattle, alicheza na goti hilo bovu mpaka likaharibika kabisa. Hakuurudia tena uwezo wake wa awali. Katika msimu wa 2013 Washington ilishinda michezo 3 tu, na ile zamu iliyokwisha uzwa ikawa ya pili katika uteuzi wa 2014. Mwezi wa Desemba mwaka huo timu hizo mbili zilikutana. Kwenye kurusha sarafu kabla ya mchezo, St. Louis iliwatuma uwanjani wachezaji sita waliopatikana kutokana na biashara ile, kisha ikashinda kwa 24 bila. Mwaka 2016 Griffin aliachwa na timu yake. Hukumu ya umma ikafungwa: Washington ilikosea.

Je, ilikosea kweli? Hapa hapana budi kuyatenga mambo ambayo ulimi wa baraza huyachanganya. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walijadiliana juu ya nafasi ya bahati katika maadili. Williams alitoa mfano wa mchoraji aliyemwita Gauguin, anayewaacha watu wa nyumba yake ili aende nchi ya mbali kuifuata sanaa. Siku anapoondoka mtu huyo hana hoja ya kumtetea. Kitu pekee kiwezacho kumtetea ni kufaulu kwake, na kufaulu hakupo mkononi mwake. Lakini Williams alitia tofauti iliyo muhimu. Kama mchoraji akiumia njiani asiweze kuchora tena, tendo lake limekosa kuthibitika, wala halikubainika kuwa la uongo. Kama akifika salama, akachora, na picha zake zikawa duni, hapo ndipo ijulikanapo kwamba alijidanganya tangu mwanzo. Bahati ya kwanza imetoka nje ya shauri lake. Ya pili imetoka ndani yake.

Mfano wa bahati ya ndani wapatikana katika uteuzi wa mwaka 1998. Timu ya San Diego ilipanda kutoka zamu ya tatu hadi ya pili ili kumpata Ryan Leaf. Kwa hatua moja hiyo iliwapa Arizona zamu ya tatu, zamu moja ya duru ya pili, zamu ya duru ya kwanza ya mwaka uliofuata, na wachezaji wawili juu yake. Leaf alifika uwanjani, na kazi yenyewe ikamshinda. Baada ya msimu wa 2000 timu ilimwacha. Hapo mnunuzi alisema, ‘Kijana huyu anaweza,’ na uwanja ukajibu kwamba hawezi. Griffin hakujibiwa hivyo. Uwanja ulijibu kwamba anaweza, kisha goti likalikatiza jibu. Kuwatia wanunuzi hawa wawili katika kapu moja, kwa kuwa wote walipata hasara, ni kuhukumu kwa uvivu.

Hata hivyo goti si mvua. Mvua hunyesha au hukosa bila kumwuliza mkulima. Bali goti la kijana anayekimbia na mpira mbele ya watu wazito lina hatari inayojulikana na kila mwenye kazi hiyo. Anayetia mali yake yote katika chombo kimoja hawezi kudai baadaye kwamba hakuwa na habari ya miamba. Na lipo jambo zito zaidi. Katika uteuzi ule ule wa 2012 Washington ilitumia zamu ya 102, katika duru ya nne, kumchukua kwotabeki mwingine, Kirk Cousins. Zamu hiyo haikununuliwa kwa zamu za miaka ijayo. Mwaka 2015 Cousins ndiye aliyeiongoza timu, nayo ikawa ya kwanza katika kundi lake. Macho yale yale ya wateuzi, mwaka ule ule, yalimwona mmoja kuwa wa zamu nne na mwingine kuwa wa kubahatisha. Jambo hili halithibitishi kwamba Griffin hakuwa hodari. Lathibitisha kwamba tofauti waliyoilipia ilikuwa kubwa kuliko tofauti waliyoweza kuiona.

Juu ya uwezo wa macho hayo kuna uchunguzi. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Marekani, Cade Massey na Richard Thaler, walichapisha uchambuzi wao wa uteuzi huu. Thaler ndiye aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Waligundua mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza ni kwamba wakitwaliwa wachezaji wawili wa nafasi moja uwanjani, waliofuatana katika uteuzi, aliyetangulia humzidi mwenzake kwa kiasi cha mara 52 katika 100. Sarafu ikirushwa hupata 50. La pili ni kwamba zamu za juu kabisa huuzwa kwa bei inayozidi faida yake, hata ikawa timu inayotoa zamu moja ya mbele na kupokea kadhaa za nyuma ndiyo mara nyingi inayofaidika. Ni kweli kwamba hesabu zao zilijengwa juu ya mishahara ya zamani, kabla ya mapatano ya mwaka 2011 kuishusha mishahara ya vijana wa zamu za juu. Kwa hiyo ukali wa jambo la pili umepungua. Jambo la kwanza halikuguswa. Macho ya wateuzi hayakupata nuru mpya kwa kuwa mishahara imeshuka.

Hapa ndipo kiini cha shauri kilipo. Watetezi wa mnunuzi aliyeshindwa husema kwamba hakuna aliyeweza kujua. Neno hili hutolewa kuwa udhuru, nalo lina sauti ya huruma na haki. Lakini likipimwa vema ni shtaka. Kama hakuna awezaye kujua, basi hakuna apasaye kulipa kama ajuaye. Bei ya zamu ya mbele ni dai la ujuzi. Anayetoa zamu za miaka mitatu ili amtangulie mwenzake husema, kwa tendo lake wala si kwa mdomo, kwamba ameona kwa kijana huyu jambo ambalo hatalipata kwa kijana mwingine yeyote atakayebaki. Hawezi kudai ujuzi siku ya kununua, kisha akadai ujinga siku ya kuhesabu.

Kwa kipimo hiki hukumu hupata mahali pa kusimama. Haisubiri goti livunjike au lipone. Huuliza tu: je, bei iliyolipwa ililingana na ujuzi uliokuwapo? Mtu aliyelipa bei ndogo kwa matumaini makubwa, akashindwa, hakukosea. Aliteleza mahali ambapo kila apitaye huweza kuteleza. Mtu aliyelipa bei kubwa kwa ujuzi mdogo, akafaulu, hakuwa na busara; aliokolewa. Na aliyeokolewa akijiita mwenye hekima, huandaa hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ile aliyoiepuka.

Usiku mmoja wa mwaka 2017 waweza kulijaribu neno hili. Timu ya Chicago ilikuwa na zamu ya tatu. Iliwapa San Francisco zamu hiyo na nyingine tatu za nyuma ili isogee hatua moja tu, ikamchukua Mitchell Trubisky. Timu ya Kansas City ilikuwa na zamu ya 27. Iliwapa Buffalo zamu hiyo, zamu moja ya duru ya tatu, na zamu ya duru ya kwanza ya mwaka 2018, ikapanda hadi ya kumi na kumchukua Patrick Mahomes. Trubisky aliondoka Chicago baada ya msimu wa 2020. Mahomes aliishindia Kansas City mchezo wa Super Bowl mwezi wa Februari 2020, kisha 2023, kisha 2024. Kila mjadala wa kununua zamu ukianza, jina la Mahomes hutajwa, na wapinzani hunyamaza.

Lakini hawana sababu ya kunyamaza. Kansas City ililipa zaidi kuliko Chicago, nayo haikumwona Mahomes kwa macho ya nabii; kama ingalijua atakavyokuwa, isingalihatarisha kumngoja apite mikononi mwa timu tisa. Tofauti yao ilikuwa katika nyumba alimoingia kila kijana. Kansas City ilikuwa imeshinda michezo 12 kati ya 16 katika msimu uliotangulia, nayo ilikuwa na Alex Smith, kwotabeki mzoefu. Mahomes alikaa karibu msimu mzima wa 2017 akitazama na kujifunza, na timu ilikuwa na nafasi ya kumngoja. Kama angalishindwa, timu ingalipata hasara, lakini isingalianguka. Chicago ilikuwa imeshinda michezo 3 tu kati ya 16. Haikuwa na nafasi ya kungoja, na katika msimu ule ule kijana wake alikuwa amekwisha tiwa mchezoni. Bei huweza kuandikwa kwa tarakimu ndogo, ikawa nzito kwa mnunuzi mwenye njaa. Huweza kuandikwa kwa tarakimu kubwa, ikawa nyepesi kwa mwenye akiba. Mwenye njaa hununua kwa tumbo, na tumbo halina macho.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. Husemwa kwamba bila ya kwotabeki hodari timu haitwai ubingwa. Kwamba zawadi yenyewe ni kubwa mno. Na kwamba anayengoja kesho huenda akangoja maisha yake yote. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nao hawakusema uongo. Lakini pingamizi hili huihesabu zawadi nzima kana kwamba ndiyo iliyonunuliwa. Chukua mfano wa kubuni. Kijana wa zamu ya pili ana nafasi 4 katika 10 za kufaulu, na yule atakayebaki mpaka zamu ya sita ana nafasi 3 katika 10. Mnunuzi aliyepanda kutoka ya sita hadi ya pili hakununua nafasi 4. Nafasi 3 alikuwa nazo bila ya kulipa kitu. Alichonunua ni 1. Swali halali si kama ubingwa una thamani ya zamu nne, maana unayo na kuzidi. Swali ni kama ile nafasi moja ya nyongeza ina thamani hiyo, hapo ambapo zamu zilizotolewa zingaliweza nazo kuleta walinzi wa kumkinga kwotabeki na watu wa kuupokea mpira wake. Mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo haikatazi kuchagua. Yamwonya yule anayezipita nazi njema akiamini kwamba jicho lake huona hadi ndani ya kifuu.

Wala isidhaniwe kwamba muuzaji ndiye mwenye hekima kwa kuwa mnunuzi alikosea. St. Louis, iliyozipokea zamu za Washington, haikupata msimu hata mmoja wa ushindi mwingi kuliko hasara tangu 2012 hadi 2015. Mwaka 2016 ilihamia Los Angeles, na mwaka ule ule ikageuka kuwa mnunuzi: ilitoa zamu nyingi kwa timu ya Tennessee ili ipande kutoka ya 15 hadi ya kwanza na kumchukua Jared Goff. Goff aliifikisha timu katika Super Bowl ya Februari 2019, ikashindwa na New England kwa 13 kwa 3. Mwaka 2021 alipelekwa Detroit pamoja na zamu mbili za duru ya kwanza ili apatikane Matthew Stafford, na Februari 2022 Los Angeles ikatwaa ubingwa. Detroit nayo, ikiongozwa na Goff, ilifika mwezi wa Januari 2024 mchezo mmoja kabla ya Super Bowl. Basi ile biashara ya 2016 ilifaa au haikufaa? Aliyeulizwa mwaka 2019 alikuwa na jibu. Aliyeulizwa mwaka 2021 alikuwa na jingine. Aliyeulizwa mwaka 2022 alikuwa na la tatu. Matokeo hayana siku yake ya mwisho, kwa hiyo hukumu inayoyategemea peke yake haina siku ya kukamilika.

Imebaki sehemu ya shauri ambayo ni ya haki zaidi kuliko ya hesabu, nayo ni swali la nani alipaye. Mwezi wa Machi 2023 timu ya Carolina ilitaka kupanda kutoka zamu ya tisa hadi ya kwanza. Iliwapa Chicago zamu hiyo ya tisa, zamu ya duru ya pili, zamu ya duru ya kwanza ya 2024, zamu ya duru ya pili ya 2025, na D. J. Moore, mpokeaji hodari wa mpira, akiwa juu ya hayo. Ikamchukua Bryce Young. Katika msimu ule Carolina ilishinda michezo 2 kati ya 17, na ile zamu iliyouzwa ya mwaka 2024 ikawa ya kwanza kabisa. Chicago iliitumia kumchukua Caleb Williams. Kocha wa Carolina aliondolewa mwezi wa Novemba 2023, na meneja mkuu mwezi wa Januari 2024. Hata mwaka haujatimia tangu siku ya kununua, wanunuzi wawili walikuwa wamekwisha ondoka, na deni lilikuwa halijakwisha kulipwa. Vivyo hivyo huko Washington: kocha aliyekuwapo siku ya biashara ya Griffin aliondolewa mwishoni mwa 2013, na zamu ya 2014 ililipwa na waliomfuata.

Ndiyo sababu kesho huuzwa rahisi katika soko hili. Anayeiuza mara nyingi si yake. Mtu ambaye kazi yake imo hatarini mwaka huu haoni uchungu kutoa zamu ya mwaka atakaokuwa amekwisha fukuzwa. Akifaulu, sifa ni zake. Akishindwa, deni ni la mwingine. Mtu anayeweka rehani shamba lake hukosa usingizi, lakini anayeweka rehani shamba la mrithi asiyemjua hulala vizuri. Kosa hili si la akili, ni la maadili. Na hata biashara ikifaulu, kosa hilo halifutiki.

Na nyuma ya walipaji wote yupo mmoja asiyenunua wala kuuza. Kijana anayeteuliwa hakuichagua timu yake. Hakuiweka bei, wala zamu zilizotolewa kwa ajili yake hazikuingia mfukoni mwake. Lakini bei hiyo humfuata uwanjani kama jina la ukoo. Mwaka 2021 San Francisco ilitoa zamu ya 12, zamu za duru ya kwanza za miaka miwili iliyofuata, na zamu moja ya duru ya tatu, ili ipande hadi ya tatu na kumchukua Trey Lance. Katika chuo chake Lance alikuwa amecheza msimu mmoja kamili, na mchezo mmoja tu mwaka uliofuata. Alianza michezo minne kwa San Francisco, kifundo cha mguu wake kikavunjika mwezi wa Septemba 2022, na mwezi wa Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu moja ya duru ya nne. Mahali pake palishikwa na Brock Purdy, aliyeteuliwa mwaka 2022 kwa zamu ya 262, ya mwisho kabisa, naye akaifikisha timu katika Super Bowl ya Februari 2024, iliposhindwa na Kansas City kwa 25 kwa 22.

Purdy alipotupa mpira mzuri, watu walistaajabu kwa kuwa alipatikana bure. Lance alipokosea, watu walihesabu zamu. Mmoja alipimwa kwa kazi yake. Mwingine alipimwa kwa matumaini ya watu waliomnunua. Kijana wa miaka 21 aliyehitaji muda wa kujifunza alinyimwa subira, kwa sababu fedha ya subira ilikwisha tumika kumnunua. Huu ni ukinzani ulio mbaya kupita wote katika desturi hii. Kadiri bei inavyokuwa kubwa, ndivyo timu inavyobakiwa na kidogo cha kumsaidia kijana, na ndivyo inavyomdai mengi zaidi na mapema zaidi. Bei kubwa haingoji tu matokeo, husaidia kuyaharibu.

Kwa hayo yote, hukumu ya mnunuzi wa zamu ya mbele yafaa igawanywe. Kwanza, aulizwe alijua nini, na kama bei aliyolipa ililingana na alilolijua. Pili, aulizwe alilipa kwa mali ya nani, na kama angalikuwapo siku deni linapodaiwa. Tatu, aulizwe alibakiza nini cha kumlea yule aliyemnunua. Maswali haya matatu huweza kujibiwa siku ile ile ya uteuzi, kabla ya mpira mmoja kutupwa. Ushindi ukija, na upokewe kwa shukrani. Hasara ikija, na ivumiliwe. Lakini kimoja kisitumiwe kuwa ushahidi wa busara, wala kingine kuwa ushahidi wa upumbavu.

Naye kijana aondolewe katika daftari la biashara hiyo. Akicheza vibaya, na isemwe kwamba amecheza vibaya, maana hiyo ni kazi yake na huweza kusahihishwa kwa mazoezi. Isisemwe kwamba ameigharimu timu zamu nne. Hilo walilifanya watu wazima, kwa kalamu zao, siku ambayo yeye alikuwa amekaa akingoja kuitwa jina.